Goti la Fundi Viatu

Jumatatu, 6 Oktoba
Asubuhi jua kali, mchana upepo, jioni vumbi mpaka kwenye meno. Ndiyo hali ya huku kaskazini kila kiangazi kikiisha. Redio imesema vuli itaanza wiki hii. Nikawatangazia majirani. Hakuna aliyenisikiliza! Wakamgeukia fundi viatu, tunayegawana naye baraza, kumuuliza goti lake linasemaje. Likiuma, mvua inakuja. Mimi, fundi cherehani mwenye redio, nimeshindwa na goti.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata wazo! Goti lisilouma halitabiri. Nimemnunulia dawa ya kuchua, ile kali, nikamchua kwa mikono yangu mwenyewe. Nikamwambia ndiyo ujirani huo. Alishukuru nusura alie. Harufu imeingia hadi kwenye vitambaa vya wateja.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimemchua tena. Milimani mawingu yametanda. Muuza mboga akaja kuuliza kama aanike mahindi. Fundi akalikunja goti, akalinyoosha, akasema halijawa jepesi hivi tangu aoe. Watu waanike tu. Nikainama nyuma ya cherehani nikicheka. Wakishalowa, watanijua mimi ni nani.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mvua! Tena ya mawe! Nikasimama barazani, mikono nyuma, nikitazama watu wakikimbilia mahindi yao. Raha iliyoje.
Nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa, moyo kwatu. Mahindi yetu, chakula cha mwaka mzima, yanaelea uani. Nikamuuliza mke wangu kwa nini aliyaanika na redio ilishasema. Akajibu kwamba alimuuliza fundi viatu, kama watu wote wenye akili. Eti fundi anamsifu sana jirani aliyemponya goti. Kisha akanusa mikono yangu.
Niliona haya, sikatai. Nimehamishiwa jikoni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mke kaenda kwao na watoto, na debe moja la mahindi lililosalia. Nyumba kimya. Nimewakumbuka. Sakafu ya jikoni ina unyevu, bega la kushoto limekaza.

Jumamosi, 11 Oktoba
Bega limeniuma alfajiri, na kabla ya chai ikanyesha! Nimetundika kibao barazani: HALI YA HEWA, ULIZA BEGA. Mke akisikia atarudi mwenyewe. Dawa ya kuchua nimeifukia nyuma ya choo, asije mtu mwenye wivu akaniponya.