Alama ya Chaki na Mwaliko wa Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi
Nimekuta alama ya X mgongoni mwa kiti changu. Ya chaki! Katika chumba chetu cha kushonea sare, kitambaa kikichorwa X kimekataliwa, kinakwenda kwenye gunia la matambara. Miaka sita nakata kola, leo nimekataliwa mimi. Nimekagua viti vyote kumi na kimoja. Kingine chenye alama hakuna.

Nikamsalimia Mama Vifungo, anayekaa mbele yangu. Akajibu "Mm." Mm tu! Ni kweli alikuwa na pini mdomoni. Lakini mtu akikupenda hutoa pini.

Nikatumia akili. Walipotoka kwenda kula pamoja (mimi hula nyuma ya marobota, nimezoea), nikafuta X yangu kwa kiwiko, nikaichora kwenye kiti cha Mpiga Pasi. Huyo akifungua mdomo tu watu hoi kwa kicheko. Tuone kwenye gunia atamchekesha nani.

Jumanne, 5 Machi
Seremala amekuja. Kumbe bosi ndiye aliyeweka alama, kwenye kiti kibovu kinachotakiwa kutengenezwa! Kiti cha Mpiga Pasi kimegongewa misumari mipya na kuongezewa mto. Mto! Changu kimeniangusha saa nne na robo, mbele ya watu wote, na kola arobaini mapajani.

Wamecheka. Mpiga Pasi ndiye aliyeniinua. Akanipangusa vumbi, akauliza kama nimeumia, akaniambia nikalie kiti chake. Nikakataa. Mtu mwenye nia njema hawezi kuwa na haraka namna ile. Nimekata kola wima mpaka jioni. Miguu inawaka moto.

Jumatano, 6 Machi
Jambo kubwa! Mama Vifungo alitoa pini zote mdomoni, akaniambia Jumamosi saa saba wanakula kwake, yeye na mumewe na Mpiga Pasi, na nikipenda niende. Tangu dada yangu aolewe akahamia mbali, sijala katika nyumba ya mtu. Miaka minne sasa.

Nikiwa njiani kurudi nikaanza kuichunguza hiyo "ukipenda". Anayekutaka haongezi ukipenda. Au kanionea huruma kwa sababu ya kuanguka. Na mbona alitazama saa?

Alhamisi, 7 Machi
Nimetega mtego. Sikumsalimia siku nzima, nione kama ataniuliza nina nini. Hakuuliza. Saa tisa aliomba chaki, nikampa bila neno. Akasema, "Asante, kaka." Nimelifikiria hilo kaka njia nzima. Dada yangu wa tumbo moja naye huniita kaka, na simu hapigi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeoga mara mbili. Nimevaa shati la kijani, nimenunua soda mbili kubwa. Saa saba kasoro dakika tano nipo nje kwa Mama Vifungo. Mlango uko wazi nusu. Umeachwa kwa ajili yangu, au wamesahau kuufunga? Nikasimama kulipima jambo hilo. Ndani Mpiga Pasi akawa anasimulia kitu, kicheko kikafuata. Ni mimi na kola zangu, hakuna jingine! Dirishani nikaona sahani moja imefunikwa, na nafasi yake haina mtu. Basi kuna mgeni wa maana anangojwa, na mimi nimealikwa kujaza meza.

Nilitamani mno kuingia. Nikageuka.

Soda nimezinywa zote mwenyewe, nimekaa kitandani. Nimelia kidogo. Labda ni gesi.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Vifungo kaniambia sahani yangu ilifunikwa mpaka saa kumi, na Mpiga Pasi alitoka mara mbili kuniangalia barabarani. Akasema, "Kaka, Jumamosi hii uje. Usitufanyie vile tena."

Wiki iliyopita ukipenda, leo amri! Na huyo Mpiga Pasi alitoka kuhakikisha kwamba siji. Nikajibu kwa upole kwamba Jumamosi nina mgeni. Akasema haya, lakini uso ulimshuka. Kwa nini uso ushuke, kama si kwamba amegundua ninadanganya?

Jumamosi, 16 Machi
Ili uongo usimame vizuri, nimefagia chumba na kununua kikombe cha pili. Saa saba nikamimina chai kwenye vikombe vyote viwili. Chumba kilipendeza. Nikajikuta nasikiliza ngazi.

Saa nane, hodi! Sauti ya Mpiga Pasi, tena ya Mama Vifungo, ikisema wamekuja kumsalimia mgeni wangu. Nikabana pumzi nyuma ya mlango. Wakabisha mara tatu, taratibu. Hiyo ni hodi ya mtu anayeomba usiwepo nyumbani. Mama Vifungo akasema labda wametoka kidogo, kisha nyayo zikashuka.

Nilipofungua nikakuta bakuli la moto limefungwa kwa kitambaa kisafi. Chakula cha watu wawili. Mambo sasa ni wazi kabisa: wananiletea huku ili nisiende kule. Watu wajanja, lakini nimewagundua.

Nimekula changu. Kitamu sana. Nikakaa nikakitazama cha mgeni mpaka kikapoa, halafu nikakila nacho.