Yah: Kuuawa Mara Kumi na Saba Ilhali Upande Wangu Ndio Ulioshinda

Kambi ya Washambuliaji,
Nyuma ya Zizi la Farasi,
Piedra Parada, Texas.
Jumamosi, 10 Oktoba 1953.

Mheshimiwa Mwongozaji wa Filamu,

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima, umekaa kwenye kiti chako cha turubai chini ya mwavuli. Mimi pia sijambo, ukiacha kwamba nimekufa.

Jina langu ni Eleuterio Barrientos. Huenda hunijui kwa sura, kwani kila unaponitazama huwa nimelala kifudifudi. Kazi yangu ya siku zote ni kunyoa mbuzi manyoya. Ulipokuja mjini kwetu ukajenga ile ngome ya udongo, ili upige filamu ya kuzingirwa kwa Alamo, ngome ambayo jeshi la Meksiko liliwazingira Wamarekani zamani zile, nilijiandikisha siku ya kwanza. Nikapewa koti la bluu la askari wa Meksiko, bunduki ya mti na ngazi. Sasa ni wiki ya tatu naishambulia ngome hiyo kwa moyo mmoja, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nimeuawa mara kumi na saba. Nimekufa kwa risasi, nimekufa kwa mzinga, nimekufa kwa kuangukiwa na ngazi, na Jumanne nilikufa kwa kukanyagwa na farasi ambaye hata hakuwemo katika filamu. Sikatai kufa, kazi ni kazi. Ila mwalimu wa shule yetu, Bibi Zaragoza, ametusomea kitabu cha historia, na imeandikwa wazi kwamba baada ya siku kumi na tatu jeshi letu ndilo lililoiteka ngome. Nauliza kwa heshima: liliiteka kwa kutumia watu gani, ikiwa sote tuko chini?

2. Buti zangu zote mbili ni za mguu wa kushoto. Nilipomweleza bibi wa mavazi, alinijibu, "Mzee, wewe hufiki mbali. Zitakufaa."

3. Mke wangu Eduviges sasa ananiita marehemu. "Marehemu, njoo ule, maharage yanapoa." Mama mkwe naye ameanza kuulizia kofia yangu nzuri nimemwachia nani katika wasia.

4. Nicanor Urrutia. Hapa, Mheshimiwa, ndipo penye kidonda. Nicanor ni kompadre wangu: ndiye aliyemsimamia binti yangu Amparo kwenye ubatizo, na tumenyoa mbuzi bega kwa bega miaka ishirini na sita. Kwa kuwa ana macho ya kijani, mlimvalisha kofia ya manyoya mkampandisha ukutani awe mlinzi shujaa wa Kimarekani. Tuko washambuliaji mia moja na arobaini, lakini yeye hunitafuta mimi tu. Ananiita toka juu, mbele ya watu: "Kompadre! Leo nikupige wapi? Kifuani, au nikubadilishie?" Namjibu, "Piga utakapo, kichwa maji wewe, ila goti uliache, lina baridi yabisi!"

Hilo ningelimeza. Lakini alikwenda kwa kinyozi, na povu la sabuni shavuni akatangaza, "Nani, Eleuterio? Risasi moja tu, chali!" Mji mzima ulicheka. Tangu siku hiyo hatusemezani, isipokuwa vitani. Jumapili alikuja mlangoni na sufuria ya supu ya utumbo. Nikamwambia Eduviges kwa sauti ya kusikika, "Mwambie mimi ni maiti, na maiti hali supu." Akaiweka sufuria kizingitini akaenda zake. Supu niliila, kwa kuwa yenyewe haikuwa na kosa. Lakini haikushuka vizuri.

5. Juu ya tukio la Alhamisi, nakiri. Bunduki ya Nicanor ilipolia, nilisema moyoni: leo hapana. Nikaegemeza ngazi, nikapanda.

"Anguka, Eleuterio!" akapiga kelele. "Nimeshakupiga!"

"Umenikosa!"

"Nakukosaje, nawe uko hapa puani? Nimekupiga mara tatu!"

"Basi piga na ya nne, niko njiani!"

Nikaruka ukuta, nikamvua ile kofia, nikashuka uani, nikafungua lango. Wenzangu wote wakaingia, pamoja na waliokuwa wamekwisha kufa. Kufikia saa tano na nusu asubuhi ngome ilikuwa mikononi mwetu, hakuna aliyepata hata mkwaruzo, na watu wa pande zote mbili walikuwa kivulini wakila chapati za mahindi. Wewe ulikuwa kwenye kipaza sauti, unatoa maneno ambayo mkalimani alikataa kuyatafsiri. Majenerali walihitaji siku kumi na tatu. Mimi nilihitaji dakika nne. Badala ya nishani, nilipewa onyo.

Kwa hiyo naomba nisiuawe tena. Naomba Nicanor ashushwe ukutani. Naomba filamu iishie Alhamisi, kwani ngome imeshatekwa na kuiteka tena ni ulafi. Na kama historia haikubaliani nami, basi yeyote anayehusika aisahihishe. La sivyo, Jumatatu sote mia moja na arobaini tutagoma kwa kubaki hai.

Nisalimie mpiga picha, bibi wa mavazi, mkalimani, na yule farasi. Mwambie sina kinyongo.

Wako mtiifu anayepumua,
Eleuterio Barrientos,
Askari wa Ngazi ya Tatu (kutoka kushoto).

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha, Nicanor akaja. Anasema Jumatatu ngome inaanguka na walinzi wote watauawa, yeye akiwemo, na kwamba mmempangia askari mgeni toka mji wa Del Rio amuue. "Simjui hata jina," aliniambia, akitazama chini. "Nimewaambia, aniue kompadre wangu au sifi." Tulikaa kibarazani. Kisha akaniuliza, "Utanichoma taratibu?" Nikamwambia, "Taratibu, kama namnyoa mbuzi mwenye mimba."

Basi, Mheshimiwa, yachane yote ya hapo juu. Buti zinanikaa vizuri. Vita viendelee. Mimi niueni mpendavyo, mradi Jumatatu alfajiri niwe langoni na singe yangu ya mpira. Alasiri nzima nimekuwa uani namfundisha kuanguka, lakini anaanguka kama gunia la viazi, halafu anafumbua jicho moja kuuliza kama ilikuwa nzuri. Tafadhali mtuvumilie.