Transfa ya Mjane wa Geita

Abdulshakur alilisikia lile gari kabla hajaliona, na kabla hajaliona alikwisha kulipenda. Lilikuwa Landrova kuukuu, lilikuja na barabara ya Ibadakuli likilia kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi, na kila likipita shimoni gia yake ndogo inachomoka yenyewe. Watu wengine wakisikia mlio wa namna ile husema pole. Abdulshakur alisema alhamdulillahi.

Gereji yake ilikuwa turubai moja, winchi ya mkono na maneno mengi. Mali ya kweli ilikuwa Landrova lake mwenyewe, zima kuliko yote Shinyanga, na kufikia Jumamosi saa mbili asubuhi lilitakiwa liwe Nyarugusu, kule Geita. Msimamizi mmoja wa machimbo, Ngassa, alitaka gari moja tu la kubeba mawe ya dhahabu msimu mzima, kutoka maduarani walikochimba hadi kwenye karasha la kuyasagia, kwa njia ya mlima uliowashinda wenye malori. Gari litakalotangulia kufika na kupanda ndilo lenye kazi. Siku ile ilikuwa Jumatano. Abdulshakur alikuwa na siku mbili za kumwibia mtu kwa utulivu.

Aliyeshuka garini alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, kaniki kiunoni, mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mkononi.

"Mwangaluka, mayo," alisema Abdulshakur, kwa Kisukuma alichojifunza kwa ajili ya wateja tu.

"Mwangaluka, baba. Mimi Bernadina, natoka Geita. Nimesikia sifa zako mpaka Chato."

"Zipi, mama?"

"Zote."

Abdulshakur akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akalala chini ya gari, akatoka na uso wa msiba. "Transfa imekufa, mama. Hii gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma. Meno yamelika, beringi zimekwisha. Lakini Mungu hamtupi mja wake, ninayo mpya, imeingia juzi kutoka ng'ambo."

Ile mpya ilikuwa imeokotwa Maganzo kwenye banda la kuku, ikapakwa rangi ya fedha, ikajazwa oili nzito na ndizi mbivu sita. Ndizi zikisagika ndani, gia mbovu hunyamaza kama maharusi kwa kilomita arobaini hivi. Baada ya hapo ndoa huonyesha sura yake.

Bernadina aliiinamia, akanusa tundu la oili. "Hii imekula nini?"

"Ni harufu ya upya, mama."

"Upya wa kwetu huwa una maganda." Akakaa chini, akatafuna mchembe. "Basi shusha hii yangu kwanza niione. Ila usiifungue. Marehemu mume wangu alikuwa broka wa dhahabu, na neno lake la mwisho kitandani lilikuwa hilo: Bernadina, boksi lile asifungue mtu."

Mume wa watu, roho inatoka, anawaza gia boksi. Abdulshakur akachukua spana. Aliishusha ile transfa, na ilipotua, tundu la chini likadondosha oili kwenye kidole chake. Ndani ya oili kulikuwa na vumbi la njano linalometameta. Kabla hajalitazama vizuri, mama akamfuta kidole kwa pindo la kaniki.

"Uchafu tu huo, baba," alisema haraka, kisha akaikalia transfa kama kuku wa mayai.

Sasa, fundi yeyote anajua kuwa ndani ya transfa mna bushi za shaba, nazo zikilika hutoa unga wa njano. Abdulshakur naye alijua. Lakini tamaa ikikalia akili hata elimu husogea ipishe, na katika nchi ile ya dhahabu hata kinyesi cha mbuzi kikimeta hupimwa.

"Mama," alisema kwa upole, "mzigo huu unavuja mafuta, utakuchafulia gari. Niachie."

"Siwezi. Nirudishie tu hii hii, nitakwenda polepole."

"Nikikupa nzima kabisa? Ile ya gari langu?"

Bernadina akatazama Landrova la Abdulshakur kwa muda mrefu, kama anayetazama mkwe asiyemtaka. "Na shafti yake ya mbele?"

"Na shafti."

"Na wewe ndiye unayefunga, bure?"

"Bure, mama. Ni sadaka kwa mjane."

Alifanya kazi mpaka Alhamisi adhuhuri. Bernadina aliondoka akifuta machozi kwa pindo la kaniki, na Abdulshakur naye alilia kidogo, maana alikuwa na moyo.

Gari lilipopotea tu akaifungua transfa. Akachuja oili kwa kitambaa, akapata unga wa njano kijiko kizima, akakimbia nao kwa Hamza sonara. Hamza alidondosha tindikali. Unga ukachemka, ukatoa povu la kijani.

"Shaba," alisema Hamza. "Safi sana, lakini shaba."

Polisi angewaambia nini? Kwamba alinuia kumwibia mjane dhahabu, na mjane akakosa uungwana wa kuwa nayo?

Landrova lake sasa lilikaa juu ya mawe, tumbo wazi, na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa. Ikabidi ajenge transfa upya. Kwa wauza chuma chakavu alipata gia za kati kwenye mzoga mmoja wa Landrova, beringi kwenye mzoga wa pili, shafti kwenye wa tatu. Bushi alichongesha kwa mtu wa mashine kutoka kwenye bomba la maji la shaba. Gasketi alikata kwenye boksi la sabuni. Alipima kila mwanya kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, akafungua, akapima tena, na Jumamosi ikapita akiwa bado anapima. Ndizi hakuweka hata moja. Gari lilikuwa lake.

Jumatatu alifika Nyarugusu. Ngassa alikuwa anatazama mlimani.

"Umechelewa, ndugu yangu. Gari limepatikana tangu Ijumaa."

"La nani?"

"La mama yule. Linapanda kama mbuzi."

Bernadina aliteremka na mawe yake, akasimamisha gari, akashuka.

"Shikamoo," alisema Abdulshakur, kwa kuwa alilelewa.

"Marahaba, mwanangu. Washa gari lako nisikie."

Akawasha, akaingiza gia ndogo, akapanda mlima, akashuka. Bernadina aliinama, sikio karibu na transfa.

"Hailii."

"Hailii, mama."

"Na gia haichomoki. Nani kaijenga?"

"Mimi."

"Kwa vipuri gani?"

"Vya chakavu."

Bernadina alisikiliza tena, kisha akainuka taratibu, akakung'uta vumbi magotini. Safari hii macho yake yalikuwa makavu na sauti ilikuwa ya kweli.

"Pole, baba. Ningejua kazi unaiweza, ningekulipa."