Vifuko vya Maji Ndani ya Lami

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu Twumasi ametangaza: kila mmoja atengeneze kipande cha lami ya barabara; kimoja tu kitakwenda Kumasi kwenye mashindano ya sayansi, pamoja na aliyekitengeneza. Nimeamua ni mimi. Sijamwambia mtu. Nyarkoa wa dawati la mbele ameshasema ni yeye, kwa Kiingereza na kwa Kitwi, asibaki asiyesikia. Yeye anachanganya mpira wa tairi uliosagwa. Mimi, vifuko vya plastiki vinavyouziwa maji ya kunywa, vikishatupwa. Mji umejaa hivyo. Plastiki huzuia lami kulainika juani. Nimesoma mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Mjomba Badu huchemsha lami ya barabara. Amekubali kunikorogea kopo moja. Akauliza vifuko nimevikausha? Nikasema ndiyo. (Nilivikung'uta. Vibarua wote walikuwa wananitazama!) Vilipoingia tu, lami ikafura kama uji uliosahaulika jikoni. Kiatu cha mjomba kimekwisha. Akauliza nilitaka kupika lami au kumpika yeye. Vibarua sasa wananiita Madam Injinia.

Jumatano, 12 Machi
Nimeanika vifuko kwenye kamba ya nguo. Nana, bibi yangu, akauliza siku hizi tunafua takataka? Vimekauka kabisa. Mjomba, kwa viatu vya kuazima, akasema kipimo ni sehemu tano kwa mia, isizidi. Nikaitikia kwa adabu. Alipogeuka kumwitikia msimamizi, nikatia furushi zima. Kama kidogo kinasaidia, kingi kinasaidia zaidi. Hiyo ni hesabu tu.

Alhamisi, 13 Machi
Kigumu kama jiwe! Jua la saa sita, nimekikanyaga kwa kisigino, hakuna alama. Cha Nyarkoa kilibonyea, kikarudi. Nikamwonea huruma. Yeye akasema, eh, dada, hiyo si barabara, hiyo sahani. Nilipata jibu kali sana la kumpa. Jioni, bafuni.

Ijumaa, 14 Machi
Jaribio. Mwalimu alilaza vipande juu ya godoro kuukuu, maana ardhi nayo hunesa, kisha akapitisha pikipiki ya magurudumu matatu iliyojaa mihogo. Cha Nyarkoa kikainama, kikanyooka. Changu: ko! Vipande vinne. Mwalimu akasema plastiki ikizidi, lami hukakamaa na kukatika. Akauliza niliweka kiasi gani. Nikasema sehemu tano. Akaokota kipande. Ndani kulikuwa na kifuko ambacho hakikuyeyuka, maandishi yake yote yanasomeka: MAJI SAFI, KUNYWA YAKIWA BARIDI. Darasa zima likasoma kwa sauti. Nikatamani ardhi inimeze.
Lakini nikileta kipande kizima Jumatatu, atafikiria upya.

Jumamosi, 15 Machi
Nimegundua kosa. Ni ukavu! Mjomba amekubali: mafuta kidogo hulainisha lami iliyokakamaa. Kijiko kimoja, akasema, ukizidisha inageuka tope.
Nana anatafuta kibuyu chake cha mafuta ya shea tangu asubuhi. Nimemsaidia kutafuta chini ya kitanda.