Idhini ya Walii kwa Laptopu ya Praful

Jumapili, 6 Aprili 2008. Kilburn.

Zimebaki siku sita. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri ya kwetu, Najla anaozeshwa Unguja na walii wa kumwozesha ni mimi. Baba yake, ndugu yangu Munir, Mungu amrehemu, hayupo. Babu hayupo. Kaka hana. Nimebaki mimi ami yake, na mimi niko London. Kwa hiyo nimewatangazia wote, wa huko na wa hapa, kwamba idhini nitaitoa kwa kompyuta. Sura na sauti. Nimekaa sebuleni kwangu, joho begani, bila waya hata mmoja. Shekhe amekubali, ila kasema hatongoja. Nisipopatikana wakati ule, uwalii utapita kwa binamu yangu Amir, ambaye hata kilemba hufungwa na mkewe.

Laptopu nimeichukua Kingsbury kwa Praful, Mhindi wa Mombasa mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Ya zamani, nzito kama mlango wa jela. Windows yake ilikwisha kufa, Praful akatia Linux, mfumo ambao watu huutengeneza kwa pamoja na kuugawa bure. Inawaka vizuri. Ila haioni mtandao wa hewani. Praful alisema wazi: kwa waya itafanya kazi, mzee, bila waya hii ina matata. Nikamweleza kuwa mwaka 1983 nilitengeneza redio ya meli nje ya Aden kwa uma wa jikoni, nahodha Mgiriki akanibusu mkono. Akanitazama kidogo, akaingia ndani kunywa chai yake.

Jumatatu, 7 Aprili.

Modemu yetu iko koridoni, chini ya rafu ya viatu. Waya wake haufiki popote. Ummukulthum, mke wangu, kasema nikae hapo hapo koridoni nichomeke waya, mambo yaishe. Nikamwambia walii hamwozeshi mtu kachutama baina ya viatu. Akasema viatu havijamkosea mtu.

Jioni akapanda shemeji Shaame, anayekaa ghorofa ya chini yetu. Huyu ni mjomba wa Najla, kaka wa mama yake, Mpemba, karani huko Croydon, hutoka asubuhi na tai kama anakwenda kuapishwa. Najua kinachomkera. Mjomba hana uwalii, na jambo hilo limemkaa rohoni. Akauliza, “Shemeji, si upige simu tu?” Nikamjibu simu ni ya watu wa kawaida. Akasema na yule anayemwona kila asubuhi kwenye foleni ya basi kashika mkate ni nani.

Nilimnyima kahawa ya pili.

Jumatano, 9 Aprili.

Nimeupata ugonjwa. Nilikwenda maktaba nikachapisha kurasa kumi na moja. Kumbe dunia nzima wako wanaume wenye laptopu kama yangu, wanaandikiana kwa majonzi. Mmoja wa Brazil analia tangu mwezi wa pili. Redio ya mtandao iliyomo ndani ya mashine inataka programu yake yenyewe, na watengenezaji hawakuwapa watu wa Linux. Lazima uivute kutoka kwenye intaneti. Yaani ili upate intaneti, sharti uwe na intaneti. Kama kuambiwa ufunguo wa sanduku umo sandukuni.

Basi nilikaa koridoni na waya, saa ambayo Ummukulthum yuko kazini. Nikaandika amri mstari kwa mstari kama zilivyo kwenye karatasi. Mashine ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Mara tano. Inanijibu kwamba amri hii haijulikani. Nikampigia Praful nimsomee nilichoandika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mbona kila mstari nimeanza na Bismillahi. Nikamwambia sisi hatuanzi jambo bila ya hiyo. Akasema vizuri sana, mzee, lakini hiyo useme kwa mdomo, usiiandike.

Nikaisema kwa mdomo. Ikakubali.

Ummukulthum karudi mapema, kanikuta kichwa wazi nimepiga magoti mbele ya rafu. Nikamwambia natafuta ndara. Akasema umezivaa.

Alhamisi, 10 Aprili.

Taa ndogo ya buluu imewaka. Sijui kama kuna mtu mwingine Kilburn nzima amefika hapa.

Mitandao sita imejipanga. Wetu una kufuli, na nambari yake ndefu imeandikwa chini ya modemu kwa herufi za sisimizi. Nimeiandika mara nne, imekataa mara nne. Miwani ninayo, lakini miwani ni ya wazee. Mmoja katika ile sita haukuwa na kufuli. Nikagusa, nikaingia. Hewa haina mwenyewe. Mtu akiacha mlango wake wazi, kupita si kuiba.

Nikampata Najla, yuko duka la intaneti Mlandege, Unguja. Sura ilikuja vipande vipande. Kwanza paji, kisha macho, mdomo ukachelewa. “Shikamoo, Ami.” Yale macho ni ya Munir khasa. Sikuweza kuitikia mara moja. Nikamwambia mtandao mzito.

Baadaye nimeukata ule waya kwa mkasi, mbele ya mke wangu, vipande viwili. Akauliza kama tuna mwingine. Nikamwambia aliyekwisha vuka mto habebi mtumbwi. Akaviokota, akafungia mfuko wa mchele.

Shaame nimemwalika rasmi. Jumamosi saa nane kamili, aje akae aone. Kasema atakuja, tena atavaa kanzu.

Jumamosi, 12 Aprili.

Naandika kwa utaratibu.

Saa saba na nusu tayari nilikuwa hewani. Kanzu, joho, kofia ya vito, udi umefuka. Kwenye kioo naona msikiti wetu, majamvi, wazee wamekaa, Amir mstari wa mbele kanyoosha shingo. Nikawapungia. Shekhe akaanza hotuba.

Saa nane Shaame akagonga. Kanzu yake imepigwa pasi mpaka inakata. Akakaa. Nikageukia kioo, kumbe Shekhe kainua kidole, kaganda. Kidole juu, mdomo wazi. Kisha kioo kikawa cheusi.

Nikaizima, nikaiwasha. Mitandao mitano. Ule usio na kufuli haupo. Nikasema kwa sauti, umekwenda wapi huu usio na kufuli? Shaame akasema huenda ni wa kwake, kwani yeye kuufunga hajui. Nikamuuliza sasa uko wapi. Akasema ameuchomoa. Hatoki nyumbani bila kuchomoa kila kitu ukutani, pasi, televisheni, modemu, tangu nyumba ya jirani yao ilipoungua Wete. “Na wewe ndiye uliyeniita juu, shemeji.”

Nikamwambia ashuke akaichomeke. Alishuka mbio, kanzu kaishika kwa mikono miwili. Modemu ile huchukua dakika nne kuamka. Shekhe hangoji dakika nne, na Amir alikwisha anza kusogea.

Ummukulthum hakuingoja modemu. Alikuwa keshapiga simu. Akaniwekea sikioni.

Shekhe akauliza jina langu na la baba yangu. Nikajibu. Akauliza kama namwakilisha, namfanya wakala wangu, amwozeshe Najla binti Munir. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu, na zile za redio ya meli zimo. Sikusoma hata moja. Nilisema nimekuwakilisha umwozeshe binti ya ndugu yangu, na nilipofika kwenye jina la Munir sauti ikakatika. Nikamaliza kwa pumzi. Shekhe akasema imetosha.

Shaame alikuwa amesimama mlangoni, anahema. Akaja akakaa karibu yangu. Tulikaa hivyo wote wawili, hatukutazamana.

Jumatatu, 14 Aprili.

Najla kapiga mwenyewe. Ameshukuru. Kasema simu iliwekwa sauti ya juu, msikiti mzima umenisikia. Akaniuliza kwa nini nililia.

Nikamwambia sikulia, ni ubovu wa simu. Kompyuta isingenifanyia vile. Nikamweleza kuwa Praful ana laptopu nyingine, kongwe zaidi ya ile, hakuna aliyeiweza, na nimeshamwambia aniwekee.

Akacheka. Kisha akasema, “Ami, miaka ishirini na mbili hujatia mguu huku. Si uje tu, nikubusu mkono?”

Nikamwambia safari ya nini tena, zama hizi. Akae mbele ya kioo Jumamosi, saa kumi ya kwao, ataniona mzima.

Akasema haya, Ami, taratibu, kama mtu anayerudisha dirisha. Naona amefurahi sana.