Kibali cha Utulivu cha Mzee Stambuli

Mzee Stambuli wa Mambrui hakuwa na gia ya nne. Hakuwa na honi, hakuwa na taa ya kushoto, wala kioo cha kumwonyesha ni nani anayemtukana nyuma. Na tangu Jumatatu, kama madereva wote wa matrekta, hakuwa na Kibali cha Utulivu.

Kibali hicho kilitangazwa kwa tarumbeta na Bwana Mwambire, Mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu wa Vyombo vya Mwendo wa Pole. Uchunguzi wa kina ulikuwa umethibitisha kwamba barabara ya Malindi huharibiwa na hasira za wanaokwenda pole. Wanaokwenda mbio hawakutakiwa kibali, kwani hakuna afisa aliyeweza kuwafikia kuwapa.

Bila kibali, makuti ya Mzee Stambuli yasingefika Kuruwitu, na nyumba ya bintiye Kaltuma ingepokea masika bila paa. Basi akakubali kupimwa, kutoka Dabaso hadi feri ya Kilifi. Mwenyekiti alikaa juu ya madigadi ya kulia, bati la kukinga matope ya gurudumu. Karani wake, Jedida, alikaa juu ya madigadi ya kushoto, akiwa na saa na daftari la mapigo ya moyo.

Basi la kwanza likapiga honi.

"Waalaykum salaam!" akajibu Mzee Stambuli. "Watoto hawajambo?"

"Trekta hilo au jeneza?" akafoka utingo.

"Alhamdulillahi, na sisi wazima."

"Sabini na mawili," akaandika Jedida, akiuachia mkono wa Mzee.

Lori likapiga honi mara tatu. Mzee Stambuli akapunguza mwendo.

"Mbona unapunguza?" akauliza Mwenyekiti, aliyekuwa akingojewa kwa chakula cha maafisa ng'ambo ya Kilifi.

"Amepiga hodi mara tatu, bwana. Si adabu kumjibu huku namkimbia."

Kufikia Tezo walikuwa wamesalimiana na magari arobaini na moja. Ndipo ganda la chungwa likatoka dirishani mwa basi na kutua juu ya kipara cha Mwenyekiti. Akasimama juu ya madigadi, akavua kiatu, akakirusha.

"Mbwa nyie! Washenzi! Teremkeni niwaonyeshe!"

Jedida akamshika mkono, akatazama saa. "Mia na sitini na manane, bwana."

"Usiandike!"

"Kifungu cha tisa: kila aliyemo chomboni hupimwa. Atakayefoka atateremshwa, wala hatapanda chombo chochote siku tisini."

"Kifungu hicho nilikiandika mimi!"

"Ndiyo, bwana. Kimeandikwa vizuri sana."

Mzee Stambuli alipewa kibali chake hapo hapo. Mwenyekiti akamaliza safari kwa miguu, kiatu kimoja, na bado aliwahi trekta gatini.

"Feri nayo ni chombo?" akauliza.

"Ni chombo, bwana," akasema Jedida. "Ila una haki ya kukata rufani kwa Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Basi itasikilizwa. Lakini rufani hufunguliwa ofisini tu."

Ofisi ilikuwa ng'ambo.

Bwana Mwambire akaketi juu ya jiwe, akajiandikia kwa heshima kurasa mbili. Akalamba gundi ya bahasha, akagonga muhuri wa Kamati, akaandika juu yake HARAKA SANA, kisha akamkabidhi Mzee Stambuli aipeleke kwa trekta.