Jogoo wa Sylvère na Samaki wa Jumamosi

Jumatatu, 4 Juni 2001

Hatimaye ninaishi tena karibu na maji! Kibenga, Bujumbura. Nikisimama juu ya ndoo uani kwa shemeji, naliona ziwa lote. Vita vilinitoa Bukavu na mfuko mmoja wa nguo na fimbo yangu ya kuvulia, aliyoniachia padri wa Kibelgiji aliyenifundisha kazi. Hatutumii nyavu, hatutumii funza. Tunafunga manyoya kwenye ndoano kwa uzi mwekundu mpaka yafanane na mdudu, tunayatupa juu ya maji, samaki anadanganyika mwenyewe. Ustadi mtupu. Hapa mjini hakuna anayeujua. Nitakuwa mtu mkubwa.

Shemeji Sylvère haoni hivyo. Anafanya kazi wizarani na huongea kama anasoma tangazo. Leo mezani ametangaza kwamba nakula kwake tangu Pasaka bila kuleta hata kitunguu, na kwamba baba yake mdogo kule Carama anatafuta mtu wa kumlimia mihogo. Carama! Huko maji ni ya ndoo. Dada Béatrice akaangalia sahani yake.

Nikajibu kabla ya kufikiri. Nikasema samaki wa Jumamosi nitaleta mimi. Siku hiyo watu wa Loïc wanakuja na bia kumwomba rasmi Bella, mpwa wangu, awe mke wake, na wageni wa namna hiyo hawapewi ndagala, vidagaa vya kila siku; wanapewa mukeke, samaki wa heshima. Sylvère akasema vizuri sana: mukeke wakiwa mezani, nabaki. Wasipokuwepo, Carama.

Jumanne, 5 Juni

Nimekwenda ufukweni kujitambulisha kwa wenzangu. Mitumbwi yote iko mchangani! Massoudi, mvuvi mwenye tumbo na maneno mengi, alikuwa anashona wavu. Akanieleza kama mtoto wa darasa la kwanza: wao huvua kwa taa, samaki wanafuata mwanga. Wiki hii mwezi ni mpevu, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi. Basi wanapumzika. Mukeke mjini hakuna hadi mwezi upungue.

Nikamwonyesha ndoano yangu yenye manyoya. Akacheka hadi wavu ukamtoka mikononi. Akasema: "We, samaki ya huku haikulake manyoya. Samaki iko na akili."

Mjinga. Haoni? Wote wamelala, kwa hiyo samaki wote ni wangu! Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kinachokosekana ni manyoya. Uani kuna jogoo wa Sylvère, anayenoneshwa ili Jumamosi akabidhiwe akiwa hai, pamoja na hotuba, kwa Mzee Gaspard, baba yake Loïc. Shingo yake inang'aa kama shaba. Nimechukua manyoya machache. Machache tu.

Jumatano, 6 Juni

Siku imeharibika. Kwenye kizuizi cha wanajeshi, njia ya ufukweni, wameniuliza hiyo antena ni ya nani. Nikasema ni fimbo ya kuvulia samaki. Wakauliza wavu uko wapi. Nikasema hatutumii wavu. Chambo? Manyoya. Wakatazamana. Nimekaa juani hadi mkubwa wao alipokuja, nikamwonyesha ninavyorusha, nikamnasa mkanda. Ameniachia. Kijana mmoja wao akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli haishiki matangazo ya mpira.

Alhamisi, 7 Juni

Nimevua tangu asubuhi. Nimepata: ndara ya mguu wa kushoto, mfuko wa sukari, sikio langu mwenyewe. Wadudu wangu wote wamebaki kwenye matete. Massoudi alileta kiti akae vizuri.

Nimeongeza manyoya. Jogoo sasa akisikia nakohoa anaingia chini ya pipa. Dada ameuliza kama ana ugonjwa. Nikamwambia ni kiangazi, kinawasumbua sana.

Ijumaa, 8 Juni

SAMAKI! Alikuwa mdogo, kama kidole, lakini samaki! Aliuma, akafikiria, akaachia. Nimepiga kelele hadi Massoudi akaja mbio akidhani nazama. Kumbe manyoya yanafaa. Nilichohitaji ni manyoya mengi zaidi.

Shingo ya jogoo imekwisha. Nimeingia kifuani.

Jioni nimefunga wadudu wapya, wazuri kuliko wote, nikawapaka gundi. Wakauke wapi? Paka anapanda kila mahali isipokuwa kochi kubwa la sebuleni, kwa kuwa Sylvère humpiga. Nimewachomeka kwenye mto wa kuegemea wa kochi. Kesho mapema nitawachukua.

Jumamosi, 9 Juni

Niliamka nimechelewa. Wageni walikuwa wameshafika! Na nani amekaa kwenye kochi kubwa? Mzee Gaspard, suti ya kijivu, kofia magotini. Nikasimama mlangoni nikimwomba Mungu asiegemee.

Akaegemea.

"Yampaye inka!" Aliruka kama kijana. Wakamgeuza. Mgongoni: manyoya, yamefungwa kwa uzi mwekundu, kwenye ndoano. Shangazi yake Loïc akasema neno ambalo kila mtu alikuwa analifikiria: uchawi. Na wakati huohuo, kwa kuwa mambo yangu ndivyo yalivyo, anaingia mtumishi na jogoo wa zawadi. Uchi toka kidevuni hadi tumboni.

Bia zikaanza kurudishwa kwenye kreti. Bella akatoka chumbani analia, rangi ya macho imemfika mdomoni. Hapo niliumia, nasema kweli. Mtoto huyu ndiye peke yake anayeniitaga mjomba bila kuguna. Nikakiri. Nikasema ni manyoya ya kuvulia samaki, mimi ni mvuvi. Shangazi akasema basi nivue, waone.

Koo mbili zikashuka ufukweni na nguo za sherehe. Hata wale wanajeshi wa kizuizini walifuata. Nikasimama majini, nikarudisha fimbo nyuma kwa ustadi wote wa padri, nikarusha. Kitu kizito kikapita juu ya kichwa changu, kikatua mbali kwenye maji. Nikashangilia! Ilikuwa kofia ya Mzee Gaspard. Uzi ukakatika, kofia ikaanza safari ya kwenda Kongo. Massoudi akaifuata kwa mtumbwi huku akilia kwa kicheko.

Kisha Mzee Gaspard akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka! Alicheka hadi akamshika Sylvère begani. Akasema: "Uyu mutu apana mulozi. Mulozi anajuaka kazi yake."

Bia zikatolewa tena. Bella ameombwa, ametolewa, harusi tarehe nne Agosti. Chakula kilikuwa nyama ya mbuzi. Dada alikuwa ameinunua tangu Alhamisi, bila kuniambia! Ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumapili, 10 Juni

Nimemkumbusha Sylvère kwamba bila mimi Mzee Gaspard asingecheka, na bila kicheko hakuna harusi. Amenipa jembe.

Bella alinisindikiza hadi kituoni. Akaniomba kitu kimoja tu: siku ya harusi nije na mikono mitupu. Mtoto mwenye adabu. Hataki nihangaike.

Jumatano, 13 Juni

Carama. Mihogo hadi jicho linapoishia. Mikono imetoka malengelenge.

Massoudi alipita leo kumtembelea dada yake. Amesikia kuhusu harusi. Alihesabu kwa vidole, akatikisa kichwa: tarehe nne Agosti mwezi ni mpevu tena. Mitumbwi yote mchangani, mukeke hata mmoja hatapatikana mjini. Akasema watu wale wangeuliza mvuvi kwanza.

Sijamwambia mtu yeyote. Maskini Bella! Mji mzima hautakuwa na samaki, na mtu mmoja tu anaweza kumwokoa.

Jirani ana bata mzinga. Mkia wake ni mpana kama feni. Mwenyewe anampenda sana, lakini Jumapili huenda misa zote mbili.